Gasketi ya Injini ya Kwanza

Kambi ya Mkonge, Rudewa, Kilosa

Kaka Gervas,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Je, miguu yake imepungua kuvimba? Mahindi mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa.

Barua yenu imefika. Mmeandika kwamba shemeji Mateo alimwacha dada yetu Tekla afe na uchungu wa uzazi kwa uzembe wake, na kwamba mnakuja kumnyang'anya mtoto. Nimeisoma mara nne. Kaka, kosa ni langu. Niliwaandikia tu kwamba Tekla alichelewa kufika hospitali, nikaishia hapo kwa woga.

Unajua nafanya kazi karakana, chini ya Bwana Pietro, yule Mtaliano aliyeletwa huku mfungwa wa vita akabaki. Meneja wetu anapenda motokaa za kwao Pietro. Ya kwanza ilipinduka mtoni, tukaweka vipuri vyake sandukuni, naye akanunua nyingine mpya zaidi. Siku tuliyoifungua injini yake Pietro alifurahi mno.

"Hii mdogo wake ile," aliniambia. "Kule kwetu walianza na injini ndogo, silinda hedi ya aluminiamu, kamshafti mbili juu. Ikakimbia vizuri! Basi wakapanua silinda, wakaongeza kabureta ya pili, nguvu ikazidi. Lakini tumbo moja, Benedikto. Tumbo moja."

Baadaye homa ikamlaza Pietro hospitali ya Kilosa. Huku nyuma ikaungua gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya bloki na silinda hedi, kifuniko chake cha juu. Mpya ilibidi iagizwe Dar es Salaam, na meneja alilitaka gari Jumamosi. Nikapekua sandukuni, nikakuta gasketi ya injini ya kwanza, haijatumika. Matundu ya bolti yalilingana yote. Wewe unajua nilivyokua, mashati yako yote niliyamalizia mimi. Nikasema mdogo atavaa ya mkubwa wake. Mdomo wa silinda sikuupima. Injini ikawaka, ikatulia, meneja akanipiga begani, nami nikajiona fundi.

Siku ya tano Mateo akatuma mtu alfajiri kutoka kambi ya barabara Mikumi alikofanya kazi na kuishi na Tekla: uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya. Alfajiri, kaka! Hakuzembea hata kidogo. Meneja akanipa gari niendeshe mwenyewe, nikawachukua wote wawili kuelekea Kilosa. Katikati ya pori maji yakachemka, mvuke ukatufunika, injini ikazima. Tundu la gasketi lilikuwa dogo kuliko mdomo wa silinda, ukingo wake ukachungulia ndani, ukaungua.

"Tumefika?" Tekla akauliza.

"Bado kidogo, dada."

Mateo akatimua mbio kutafuta lori. Aliporudi nalo, mtoto alikuwa amezaliwa mikononi mwangu, na damu ilikuwa imemwisha dada yetu.

Pietro alipopona aliifungua injini, akaitazama gasketi, akanitazama mimi. "Nilikwambia ndugu," alisema. "Sikukwambia sawa." Hajamwambia mtu mwingine.

Mateo sasa anakaa nami chumba kimoja, na tunakula sahani moja. Mnayosema juu yake ameyasikia, na ameyakubali. Anasema ilimpasa atume mtu tangu jana yake, Tekla alipolalamikia kiuno. Mimi namsikiliza, nameza ugali. Najichukia, kaka. Mtoto ni wa kike, ananyonyeshwa na jirani yetu Mama Asha, naye anaendelea vizuri.

Nisalimie shemeji, mkeo, na mjomba mpiga kengele wa kanisani. Mama mwambie taratibu, akiwa ameketi. Na mkija, hasira zenu zileteni kwangu.

Naandika haya Mateo yuko mlangoni, amempakata mwanawe. Nikishatia sahihi nitamsomea yote, neno kwa neno, kisha nitamkabidhi barua yenyewe. Posta ataipeleka yeye, akitaka. Ikiwafikia, mjue ameituma Mateo.

Mdogo wako,
Benedikto