Dozi ya Mama Numbi

Kamina, Jumatano, mwezi wa pili. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijaamua kwisha.

Leo tumemaliza kilio cha Mama Numbi. Naandika jina lake hapa nikidhani nitasikia kitu. Sisikii. Ni kama mdomo baada ya kung'olewa jino: ulimi unapita pale penye pengo, basi.

Wengine wamelia vizuri. Mimi nilikaa barazani, mkekani na wamama, nimejifunga kikwembe cheusi, nikawa nawaza kama bandeji za wodini zimekauka. Mama mmoja wa kanisa letu alinitazama, akanitazama tena. Na anitazame. Mimi ni muuguzi, na tangu vita hivi vianze nimefumba macho ya watu wengi kwa vidole hivi. Machozi nayo yana mwisho.

Mama Numbi alikuwa mkulima kutoka upande wa Kabongo, Mkatoliki, mbishi, mwenye cheko la kusikika mpaka barabarani. Alikuja hospitali kwetu ngozi imejaa malengelenge, mdomo umejaa vidonda, hata uji ulimshinda. Kwao walisema amerogwa. Daktari wetu, Mbelgiji aliyekuwa akifanya utafiti wa magonjwa haya ya ngozi, alimweleza kwamba ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyokosea adui na kuipiga ngozi. Watu wakisikia hivyo hukimbilia kusema: kumbe, kama nchi yetu! Mimi ulinganisho huo siupendi. Nchi haijawahi kuniomba niishike mkono wakati wa kubanduliwa bandeji.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Wagonjwa wa kundi la kwanza walipewa prednisone, dawa ya kuituliza kinga hiyo, dozi kubwa. Wa kundi la pili walipewa prednisone kidogo pamoja na kidonge kingine cha manjano. Sisi tutazame nani anapona vizuri, na nani anaumizwa kidogo na dawa yenyewe. Mama Numbi aliangukia kundi la kwanza. Mama Ruth, mjane wa mwalimu, Mmethodisti kama mimi, msafi mpaka anachosha, aliangukia la pili.

Vita vilipokaribia daktari aliondoka kwa ndege. Alinishika mkono akaniomba niendelee. Nikaendelea. Njia ya Kabongo ikawa ya askari, Mama Numbi akashindwa kurudi kwao, na Mama Ruth akamchukua wakae pamoja. Waligombana juu ya rozari, juu ya chumvi ya mboga ya sombe, juu ya nani afagie uwanja. Lakini siku ya kliniki walikuja wameshikana mikono kama wasichana wa shule.

Na walikuwa wanapona sawasawa. Sawasawa kabisa.

Nilifurahi, nakiri. Nilifikiri kidonge cha manjano kinafanya kazi yake, na kwamba siku daktari akirudi nitakuwa na neno zuri la kumwambia.

Halafu Mama Numbi akashikwa na homa. Vidonda vya mgongoni viliingia usaha, na sindano za kuutibu hatukuwa nazo, maana treni ya Lubumbashi haituletei tena kitu. Amekufa Jumapili, watu wakitoka misa.

Sasa niseme kweli: kilichonipeleka kilioni leo si heshima. Ni dawa. Prednisone imekwisha hospitalini. Mama Ruth amebaki na ya kesho tu, na mdomo wake umeanza tena kutokwa na vidonda. Tena dawa hii haikatwi ghafla. Mtu aliyeizoea, ukimkatia mara moja, anaweza kuanguka asiinuke. Mfuko wa dawa wa Mama Numbi ulikuwa bado una vidonge vya kutosha, lakini Mama Ruth, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameufunga ndani ya mzigo wa marehemu, pamoja na vikwembe na sufuria, kaka yake aje auchukue.

Kwetu kitu cha marehemu ni cha jamaa yake. Ukibakiza hata kijiko, watasema ulikuwa unakingojea. Juzi nilimsihi Mama Ruth aufungue mzigo. Alinijibu bila kuinua macho: "Hapana, mama munganga. Ile iko kitu ya mufu. Minyi siwezi kuigusa."

Kaka wa marehemu, Ilunga, alifika jana kwa baiskeli, kwa njia za porini. Leo baada ya sala alianza kuukaza ule mzigo kwenye kiti cha nyuma. Nikasimama. Muuguzi mzima kusimama katikati ya kilio na kuomba mali ya marehemu! Nilijua kwamba ni aibu. Kuisikia, hapana. Nikasema katika mzigo ule kuna dawa, Mama Ruth anaihitaji, na akiikosa atamfuata mwenzake.

Shangazi mmoja akafyonza.

Ilunga ni mtu mpole, suruali yake imejaa matope mpaka magotini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia Mama Ruth akamwuliza: "Weye uko nani kwa dada yangu?"

Hilo si tusi. Ndilo swali linaloulizwa kwetu kabla vitu havijagawanywa.

Mama Ruth alijibu akiangalia mkeka. "Minyi siko muntu wa jamaa yenu, papa. Lakini tulikuwa tunakulya mu sahani moya. Hata dawa. Kila asubuyi tulikuwa tunatia yote mu sahani, yake na yangu, tunagawanya. Utakulya mingi mbele ya mwenzako mwenye iko na kidogo?"

Wamama walitikisa vichwa. Waliona ni jibu zuri. Na mimi nikasimama pale nikiona utafiti wote unamwagika.

Hakukuwa na kundi la kwanza wala la pili. Kulikuwa na sahani moja. Nilimpimia Mama Numbi dozi kubwa, naye akampa nusu mwenzake kwa sababu ya adabu. Labda ile nusu aliyoitoa ndiyo iliyokosekana mgongoni mwake. Labda dozi nzima ingeiita homa mapema zaidi, maana dawa hii hulegeza kinga ya mwili. Sijui, na sitajua. Nilipaswa kukasirika. Nilitafuta hasira, nayo sikuipata.

Ilunga alifungua kamba. Akatoa mfuko wa dawa, akatoa na kikwembe kimoja cha kijani, akaviweka magotini pa Mama Ruth. "Bon. Weye njo ndugu yake. Kamata."

Kikwembe Mama Ruth alikiweka begani. Dawa alinikabidhi mimi. Hapo nikapanga dozi kwa kichwa changu, bila daktari, bila kundi: nzima kwanza, mpaka mdomo upoe, kisha nitampunguzia polepole mpaka mfuko uishe. Baada ya hapo Mungu anajua. Nikaviweka vidonge vya leo kiganjani mwake, shangazi yule aliyefyonza akaleta kikombe cha maji.

Mama Ruth akavihesabu kwa kidole.

"Mama munganga, hii iko mingi kwa muntu moya."

"Meza tu, mama," nilimwambia.

Akameza kimoja kimoja, akinitazama kila mara kama mtu anayeiba mbele ya mwenye mali. Ilunga alifunga tena mzigo, akaondoka kwenye mvua kabla askari hawajafunga njia. Wamama wakakunja mikeka.

Nimerudi nyumbani, nimekaa. Bado sijalia. Kesho nitapita kwa Mama Ruth kabla ya kazi, wala sitaenda kumpima. Nitakaa tu karibu naye anapomeza, maana hajazoea kumeza peke yake.