Daraja Langu na Salamu Zisizokwisha

Olumbi, Jumamosi. Mawingu, joto la kunata.

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa ng'ambo hii ya Ruvuma na wa ng'ambo ile: leo, baada ya adhuhuri, mimi Saidi, mwalimu wa hesabu mwenye kitambi, nimefungua rasmi daraja. Utepe haukuwepo. Nimekata kucha.

Daraja lenyewe ni programu ya kuvusha ujumbe kati ya gumzo moja na jingine. Linakaa kwenye servidor yangu, yaani ile kompyuta kuukuu juu ya kabati la vyombo, ambamo ukoo wetu wa huku hupiga gumzo. Shemeji yangu wa Mtwara hayumo; yeye huandika kwenye kundi la mtandao wa kijamii tu. Na leo mkewe, mdogo wangu Rehema, alikuwa anapasuliwa tumbo. Mama alitaka habari imfikie kwenye simu yake mwenyewe.

Nikajaribu daraja. Fundi mwingine angeandika "moja, mbili". Mimi nitaingiaje kwa watu bila salamu? Nikaandika: Asalaam aleikum.

Salamu ikavuka, ikarudi, ikavuka tena. Kila iliporudi, Mama na shangazi zangu wawili wakaiitikia. Maitikio yao nayo yakavuka na kurudi.

"Wee Saidi, leo watu wana adabu mpaka kidole kinaniuma!" Mama akasema kutoka barazani.

"Ziruke, Mama. Tafuta ya shemeji."

"Niruke salamu? Umelelewa na nani wewe?"

Nikalaumu mtandao. Nikalaumu umeme. Mama, miwani puani, akaitikia moja baada ya moja mpaka akafika chini.



Kisha akasoma kwa sauti: "Rehema katoka salama. Kaamka, kaomba uji, kaukataa, eti hauna sukari."

Huyo ni Rehema kweli. Nikakaa sakafuni.

Sasa ukweli. Mtandao haukukosa kitu. Nilisahau mstari mmoja, ule unaoliambia daraja lisirudishe maneno liliyoyapeleka lenyewe. Nimeuongeza saa kumi, kimyakimya.

Na la pili, ambalo Mama halijui. Namba ya shemeji ninayo. Salio lilikuwepo tangu asubuhi. Ningepiga tu. Niliogopa kuisikia sauti yake kabla ya maneno, nikahangaika siku tatu na programu ili mtu mwingine aisome habari kwanza. Mtu mwenyewe, mama yangu mzazi.

Jioni nimepiga. Rehema, kwa sauti ndogo, kaniuliza: "Kaka, unaumwa? Salamu zote zile za nini?"