Kifua cha Mama Mukwe

Goma, Jumanne

Mutoto wangu bado anapumua, na aliyemupasha joto ni mama mukwe.

Asubuhi umeme wa hospitali ulikatika na kuvezi, ile sanduku ya kupashia watoto joto, ikazimika. Muuguzi akasema mutoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mimi nilikuwa natetemeka kwa homa ya upasuaji wa kuzaa. Bwana yangu tulipotezana naye njiani, tulipokimbia mabomu Kibumba.

Mama mukwe akasimama. Huyu aliniita tasa miaka yote ya kutafuta mimba, akamwambia mwanawe aoe mwingine. Akavua blauzi mbele ya watu wote.

"Mumulete hapa. Baba yake alilala hii kifua."

Hakula, hakujigeuza. Miguu ya mutoto iliyokuwa baridi kama mawe ikaanza kupata moto. Nilitazama tu.

Umeme umerudi, lakini mama mukwe amekataa kumurudisha kwenye kuvezi.

"Acha kwanza. Atashituka."

Sasa wote wawili wamelala, wanapumua pamoja. Sijui bwana yangu yuko wapi. Natamani aone hii.