Mazabodi ya Bhoke na Ng'ombe wa Watu

Machimboni, mbele ya Nyamwaga

Marwa mwanangu,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla hujakaa vizuri kwenye kigoda, maana nilikulea mwenyewe. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha nilikotoka. Na ninyi huko Gorong'a hamjambo? Yule ndama wa madoa ameacha kuhara? Mvua imenyesha, au bado mnaitazama ikienda kwa Wakenya? Naandika kwa mkono wangu, kwa elimu ya ngumbaru ile ile uliyokuwa ukiicheka, basi soma polepole na usiruke mstari.

Ulinituma nimrudishe binti yako Bhoke nyumbani. Ulisema watu wameshaposa, ng'ombe wao wako tayari, na mtoto wa kike hawezi kuozea machimboni akitazama kioo cha kompyuta. Nikaja na maneno yako yote mdomoni. Sasa sikiliza nilichokiona.

Huku ni vumbi. Karasha zinasaga mawe tangu asubuhi, ukitaka kuongea na mtu umshike bega. Kuna wanaume wanakaa juu ya viroba vyao vya mawe kama kuku anayelalia mayai. Wakipata dhahabu wanaoa, na wakioa wanataka video. Hapo ndipo Bhoke anapokula. Anapiga harusi picha, kisha anazikata na kuziunga ndani ya kompyuta mpaka inakuwa filamu. Lakini kompyuta yenyewe kuukuu, mtumba uliopitia Sirari. Harusi moja ilikuwa ikiingia asubuhi inatoka giza limeshakaa, na mara nyingi ilizimia katikati, akaanza upya. Watu walishaanza kumkimbia.

Nikamwambia, nimeona, funga nguo zako twende. Akanijibu bila kuinua sauti:

"Bibi, nipe harusi moja tu. Nabadilisha mazabodi. Jumapili nikimpa mwenyewe filamu yake kama nilivyoahidi, uniache. Nisipompa, nafunga nguo mwenyewe."

Nikakubali, maana nilijua atashindwa.

Mazabodi usijifanye unaijua. Ni ubao mkubwa ndani ya kompyuta, vitu vyote vimepandwa hapo. Juu yake kinakaa kidude kinachofikiri, wanakiita prosesa. Kina nguvu kuliko kazi kinayopewa, ila ule ubao wa zamani ulikifungia mwendo. Alinieleza kwa Kikurya nikaelewa: ng'ombe ni yule yule, nira ndiyo inambana. Alitaka nira nyingine, amkimbize kupita mwendo aliopangiwa kiwandani.

Tukaenda Tarime mjini kwa Mzee Shabani, Mwislamu mmoja mpole anayeuza vifaa vilivyotumika. Akatutandikia mazabodi mbili juu ya gazeti. Moja ina mapambo mekundu na bati la kung'aa, nyingine ya kijivu kama sufuria ya msibani. Nikasema chukua nyekundu, mimi nimechagua maksai wa kulima kabla baba yako hajazaliwa.  Bhoke alizigeuza akazipitishia kidole, kisha akanionyesha kwenye ile nyekundu vipipa vidogo vya umeme, vichwa vimevimba kama kupe aliyeshiba. Akasema hata vingekuwa vizima, kiti cha prosesa hakilingani na prosesa yake, na ubao wenyewe hauruhusu mtu kubadili mwendo. Ile ya kijivu kiti kilikuwa ndicho chenyewe, mwendo inaruhusu, na kandokando ya kiti ina mabati mazito ya kupoza sehemu zinazolisha umeme.

"Prosesa ikikimbia inakula sana, bibi," akasema. "Bodi dhaifu itaungua kabla prosesa haijachoka."

Mzee Shabani akacheka. "Mama, leo umechaguliwa maksai."

Nilinuna mpaka tunarudi. Lakini kimoyomoyo, Marwa, nilishangaa.

Kesho yake akaiweka mezani, tupu kama mtoto aliyetoka kuoga. Akavua sweta, akagusa nondo za dirisha, eti mwilini mwa mtu mna radi ndogo inayoweza kuua ubao. Hebu fikiri, radi, mwilini mwako na mwangu! Nikaona kazi kubwa namna hii haianzwi kavukavu. Unajua kwetu mzee akibariki hatoi maneno matupu. Nikanywa maji, nikamtemea Bhoke kichwani, akainama vizuri kama mtoto aliyefunzwa. Kisha nikaigeukia mazabodi, nikaitemea nayo.

Akaganda kama aliyepigwa kofi.

"Bibi, umefanya makusudi? Ili nishindwe?"

Nilitaka kumchapa. Nimetoa baraka ya mama yangu na ya mama yake, naitwa mchawi wa kazi yake. Kumbe maji na umeme ni paka na panya. Pona yetu ubao ulikuwa haujapewa umeme. Akausugua taratibu kwa brashi laini na spiriti, akauanika dirishani. Mimi nikakaa pale na ungo kuukinga vumbi la karasha, sikutoka hata kunywa uji. Radhi sikumwomba, mimi siombi watoto radhi. Lakini ungo aliuona.

Jumamosi asubuhi akaiwasha. Ikaamka. Akaongeza mwendo kidogo, akaipa kazi, akasikiliza. Akaongeza tena. Akaongeza tena, kioo kikawa cheusi. Nikamwambia, haya, zile nguo.

"Haijafa, bibi. Imekataa. Narudisha mwendo nyuma kidogo."

Akarudisha, ikatulia. Akaipa harusi nzima. Nikaweka kiganja juu ya sanduku, nikakuta joto kama ubavu wa ndama aliyezaliwa sasa hivi.  Mbuzi wa jirani walikuwa hawajarudi kutoka malishoni, filamu ikawa imekwisha, haikuzimia hata mara moja. Nikaona nyuzi za iritungu zikitetemeka chini ya vidole vya mpigaji, nikaona jasho kwenye pua ya shangazi wa bibi harusi. Jumapili akaja mwenye harusi, mchimbaji mwenye mikono kama magome. Mama yake alikuwa mgonjwa, hakufika siku ya harusi. Sasa ataona kila kitu. Akajifuta macho kwa kofia.

Marwa, mashine ilipokataa, mwanao hakuipiga ngumi. Alirudi nyuma. Wewe Bhoke alikukatalia posa mbele yangu, mama yake akakuambia, nawe ukaongeza sauti.

Basi simrudishi. Msalimie mkamwana wangu, mwambie alale usingizi sasa, mwanawe yu salama. Msalimie mdogo wangu anayenitunzia kuku, nikirudi nitawahesabu. Na wale waliokuja kuposa wasalimie kwa heshima, ng'ombe wao wabaki kwao. Kama wameshafika zizini, wape maji, kisha wageuze kabla hawajazoea majani yetu. Ukitaka kunibishia, njoo ubishe hapa. Sweta uvulie mlangoni.

Mimi niliyekuzaa na bado nakuweza,
Mama yako, Ghati