Tindi Hawezi Kuishia Hivyo

Migori,
14 Septemba 1994

Dada Phelesia,

Pokea salamu zangu na za bweni zima. Hujambo? Mama yako naye anaendeleaje tangu mumzike baba yako? Mimi ni mzima, ila mafua ya muhula mpya yamenipata.

Tumefungua wiki ya pili sasa na kitanda chako bado hakina godoro. Mwalimu wa darasa akiita jina lako, mimi ndiye ninayejibu, "Anakuja." Unakuja lini? Wasichana wa kidato cha pili wananisumbua juu ya daftari la tano. Yale manne uliyoandika yameshikwashikwa hadi majalada yametoka. Nchagwa anasema usipomaliza hadithi ya Tindi, atakuja Rusinga kwa miguu akukalie mlangoni.

Ni mimi dada yako,
Mourine

Rusinga,
3 Oktoba 1994

Dada Mourine,

Salamu kwako na kwa wote wanaoniuliza. Sisi hatujambo. Jua ni kali na dagaa wetu wa omena wanakauka vizuri.

Shuleni sitakuja kwanza, kuna mambo ya nyumbani. Kaka Stanley anakuletea daftari la tano. Ndilo la mwisho. Nimeliandika kwa siku mbili. Usiniulize la sita.

Dada yako,
Phelesia

Migori,
9 Oktoba 1994

Dada Phelesia,

Natumai barua hii itakukuta na afya njema, kwa sababu yangu imeharibiwa na daftari lako.

Nimelisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani kurasa zimechanganyika. Dada, nimechukizwa. Tindi, aliyeshuka hadi nchi iliyo chini ya ziwa akamkata mfalme wa kambare sharubu kwa wembe! Tindi aliyewatoa watoto wa kijiji kizima tumboni mwa chatu! Halafu ukurasa wa thelathini anatokea mzee mwenye mitumbwi arobaini, ambaye katika madaftari manne hatukumsikia hata akikohoa, na ukurasa unaofuata Tindi ni mkewe, anafagia ua wake. Tena anatabasamu!

Niliwasomea bwenini kwa sauti, kama kawaida yetu. Benta aliuliza, "Huyu bwana ameshuka na mvua?" Nchagwa akaninyang'anya daftari akalitupa chini ya kitanda. "Peleka huko! Mimi nimeacha hesabu za watu kwa ajili ya mzee wa mitumbwi?" Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha hasira.

Kinachonichukiza zaidi ni kwamba Tindi hasemi neno. Msichana aliyebishana na radi! Umeandika tu, "Wazee walikubaliana." Nani alimwuliza Tindi? Kama mwandishi amechoka, aseme amechoka. Asitupakulie samaki aliyeoza akamfunika kwa nyanya.

Andika tena mwisho huo. Nitasubiri.

Dada yako mwenye hasira,
Mourine

Migori,
30 Oktoba 1994

Dada Phelesia,

Hujambo? Wiki tatu hujanijibu.

Stanley alipita hapa Jumamosi. Nilimwuliza kama umenikasirikia. Akasema, "Akukasirikie ya nini? Ng'ombe wanne wa Mzee Jared wako nyumbani. Desemba anaolewa." Nikamwuliza Jared ni nani. Akasema ni mzee wa Mbita mwenye mitumbwi mingi.

Dada, mimi ni mjinga. Nililitukana daftari, kumbe ulikuwa unaniambia habari zako.

Lakini sijabadilisha mawazo. Mwisho ule sasa unanichukiza mara mbili. Wewe hunichukizi. Niambie neno moja tu: wewe mwenyewe unataka?

Dada yako,
Mourine

Rusinga,
13 Novemba 1994

Dada Mourine,

Salamu nyingi kwako. Sisi tu wazima, na unisamehe kwa kimya.

Sitaki. Ndilo jibu langu. Ng'ombe walipokelewa na Baba Mdogo Cephas, ndugu wa marehemu Baba. Mama hakusema kitu, nami nikadhani amekubali. Ndiyo maana Tindi alinyamaza. Sikujua aseme nini.

Ile barua yako ya hasira nilimsomea Mama tukianua omena, nikiigeuza kwa Kijaluo. Nilimwambia ni hadithi tu ya shuleni. Alicheka sana alipomsikia Nchagwa. Nilipofika mahali wazee wanakubaliana, aliacha kucheka. Akaniuliza, "Huyo msichana hana mama?"

"Sikumwandikia mama," nikasema.

"Kwa nini?"

Mama aliinama akaendelea kuokota omena, hata wale waliovunjika ambao huwa tunawaachia kuku.

Siku ya soko alijifunga leso kiunoni akawafungua wale ng'ombe. Baba Mdogo alipiga kelele boma zima likasikia, kwamba tusimwendee tena na shida zetu, na karo tutajua wenyewe. Kwa hiyo kurudi shuleni Januari siwezi kukuahidi. Mama anasema atakwenda kumwona mwalimu mkuu yeye mwenyewe, ingawa Kiswahili chake unakijua.

Ng'ombe tuliwapeleka hadi Mbita, tukapita lile tuta la kuvukia ziwa kutoka kisiwani mchana kweupe, watu wakienda na kurudi sokoni. Mwanamke mmoja mwenye karai la samaki akamwuliza Mama, "Min Phelesia, hao ng'ombe ni wa wapi?"

Mama hakupunguza mwendo. "Ni wa Jared. Walipotea njia wakaingia kwangu. Nawarudisha kwao."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilikuwa nyuma na fimbo, nikimchapa yule mwekundu kila alipotaka kugeuka.

Dada yako,
Phelesia