Mpya, Kwenye Nailoni

Jumanne, Magomeni

Mpya, eti! Leo Kariakoo nimenunua diski kubwa zaidi kwa ajili ya kile kisanduku cha nyumbani kinachotunza picha na video zetu zote. Muuzaji aliapa kabisa: "Mpya hii, mama, si unaiona nailoni yake?"

Nimeichomeka kwenye kompyuta kuikagua. Kompyuta inaonyesha imeshafanya kazi saa 26,280. Nikagawanya: miaka mitatu kamili, usiku na mchana. Ndani kuna harusi ya watu nisiowajua, na watoto wao wakiogeshwa kwenye beseni.

Nikampigia muuzaji. Akacheka. "Si ufute tu, mama? Kwani ya kwako uliifuta?"

Ya kwangu. Ile ya zamani niliyomwachia ili anipunguzie bei. Mimi, niliyesimamisha duka kwa kukagua kila boksi, niliona nimeshanakili kila kitu, nikampa vilevile bila kuifuta. Humo yumo marehemu mama kitandani, siku zake za mwisho, nikimfuta mate na kumbadilisha nguo.

Nikamwambia, "Niwekee. Nakuja asubuhi."

"Ishaondoka hiyo, mama. Kuna jamaa kaichukua jioni, ikiwa kwenye nailoni yake."