Kiti cha Ufukweni

Dada yangu Zuhura,

Leo sina zamu kazini, na hapa Edmonton, kaskazini mwa London, mvua inanyesha tangu asubuhi. Nimekaa jikoni nizungumze nawe, kama tulivyozungumza zile wiki tatu nilipokuja kwako Australia, mwaka mmoja kabla hujatangulia mbele ya haki.

Siku niliyofika sikupata hata kulala. "Vaa kofia, nikakuoneshe mtaa wangu," ulisema, ukanitembeza kitongoji chenu kizima, kusini ya Perth, kama mwenye nyumba anayeonesha vyumba. Maktaba yenye madirisha ya kuelekea baharini, wazee wamo ndani wanasoma magazeti na kandambili miguuni. Majiko ya umeme bustanini: mtu anabonyeza kitufe, anachoma samaki wake, halafu analifuta jiko kwa ajili ya anayefuata. Bomba za kuoshea mchanga wa ufukweni, na chini yake kibakuli cha maji ya mbwa. Nilikuuliza mlinzi yuko wapi. "Mlinzi wa nini? Wa bomba?" ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Kisha tukafika kwenye kibanda cha waokoaji, penye kile kiti cha magurudumu. Magurudumu yake manene, ya manjano kama maboya, na mbele yake mkeka mgumu umetandikwa juu ya mchanga mpaka majini.

"Hiki wanaazima," ulisema. "Unaandika jina tu. Nilikiona wiki ya kwanza nilipohamia, nikajiambia mama, na miguu yake ile, ataingia baharini tena. Basi, daktari wenu akatukatalia."

Daktari hakukataa, dada. Alisema mama anaweza kusafiri, mradi anyooshe miguu ndegeni na tupumzike njiani. Aliyekataa ni mimi. Mama alikuwa kwangu, ghorofa ya tatu, lifti haikai wiki mbili bila kuharibika, na wewe kila ukipiga simu unasema, "Mlete, japo miezi mitatu." Niliogopa akija kwako atapapenda, hatarudi, nami nitabaki na nyumba kimya na binti anayenijibu kwa Kiingereza. Siku moja mama aliniuliza, "Zuhura haniiti tena?" Nikamwambia una shughuli nyingi. Akageukia dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani. Hakuuliza tena mpaka alipofariki.

Nilikwambia yote palepale, tumesimama juu ya ule mkeka. Hukupandisha sauti. Uliuliza tu, "Kwa hivyo mama alikuwa hajui kama namwita?" Ukageuka, ukatangulia nyumbani, na mimi nikakufuata nyuma nisithubutu kukufikia.

Siku mbili ulipika, ukaandaa, ukanisabahi kila asubuhi, lakini hukukaa nami mezani. Siku ya tatu ukagonga mlango wangu alfajiri. "Chukua taulo." Ukanipeleka kwenye lile bwawa la maji ya bahari, ulikojifunza kuogelea na ukubwa wako wote, na wenzako wale waliokuita Zu. Ukanilaza chali juu ya maji, mkono wako mgongoni mwangu.

"Legeza shingo. Nimekushika."

"Nisamehe, dada."

"Bado sijafika huko," ulisema. "Lakini sitaki uzame."

Siku zilizobaki tulikwenda bwawani kila asubuhi. Hatukulitaja tena. Tulikula viazi vya kukaanga tumekaa kwenye majani, tukapigwa na ule upepo wenu wa mchana, na nilirudi London bila kujua kama nimesamehewa. Miezi ilipita. Ukaugua. Kisha ukanipigia wewe mwenyewe, sauti imekwisha: "Lile la mama nimeliacha. Na wewe liache." Baada ya siku mbili akapiga shemeji. Walikuzika jioni ileile. Mimi hata tiketi sijapata.

Nakuandikia kwa sababu ya Salma. Wiki iliyopita alikuja, bado kavaa nguo zake za uuguzi, akakaa mbele yangu na kusema kwa Kiswahili, ambacho anakitumia akitaka nisikie kweli, "Mama, nimepata kazi hospitali, Perth. Lakini wewe utabaki na nani?"

Jibu lilikuwa limeshanifika mdomoni. Magoti yananiuma kweli. Nilihitaji kutia chumvi kidogo tu, na angebaki. Namjua mwanangu, angebaki bila kunung'unika. Nilinyanyuka, nikawasha birika, nikasimama pale mpaka likachemka, nimempa mgongo.

Halafu nikakaa, nikamhadithia habari ya bibi yake, tangu simu zako mpaka ule ukuta wa jirani. Alikuwa hajui. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu anayeweza kunihukumu. "Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza.

"Kwa sababu leo ningekufanyia wewe vilevile."

Anaondoka Jumamosi. Jana, tukikunja nguo zake, aliniuliza tena kama nitakuwa sawa. Nikamwambia hapana, nitakuwa mpweke sana, na aende.

Mungu akupe mapumziko mema, dada yangu.

Mdogo wako